Jirani mkubwa husikilizwa mlango ukiwa mmoja

Swali la wiki hii lilikuwa hili: je, mataifa yenye nguvu katika kanda zao bado yana sauti katika siasa za dunia, au yamebaki kuwa wapambe wa wakubwa? Nitajibu kwa mfano mmoja tu, wa mashariki ya Kongo, kwa sababu ndio ninaoufahamu kupitia kazi yangu. Mimi ni wakala wa forodha jijini Dar es Salaam, na sehemu nzuri ya mizigo ninayoitoa bandarini huishia Goma na Bukavu. Kwa ninavyoona, sauti mataifa hayo yanayo, ila ina sharti ambalo husahauliwa tunapohesabu vifaru na pato la taifa: jirani mkubwa husikilizwa pale ambapo mwenye shida hana mlango mwingine wa kubisha.

Waasi wa M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza tarehe 20 Novemba 2012, na hazikutimia wiki mbili wakatoka, baada ya wakuu wa nchi za Maziwa Makuu kukutana Kampala na kuwataka waondoke. Februari 2013 nchi 11 zilitia saini makubaliano ya Addis Ababa, na mwezi uliofuata Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2098, lililounda ndani ya kikosi cha Umoja wa Mataifa brigedi yenye ruhusa ya kushambulia: askari 3,069 kutoka Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, chini ya kamanda Mtanzania. Mwanzoni mwa Novemba 2013 vilima vya Chanzu na Runyonyi, ngome za mwisho za waasi, vilikuwa vimeanguka.

Hapa nyumbani tunapenda kusema kwamba vijana wetu ndio waliomaliza kazi, na kweli kazi waliifanya, wengine kwa gharama ya maisha yao. Lakini tukiishia hapo tunajidanganya. Askari walitoka nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, ila bili ililipwa na Umoja wa Mataifa. Mazungumzo yaliendelea Kampala bila kushindana na vita. Na Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zilikuwa zimeizuilia misaada Rwanda, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliituhumu kuwasaidia waasi na yenyewe ikakanusha. Yeyote aliyetaka kwenda kulalamika kwingine aliwakuta watu wale wale, na jibu lile lile.

Linganisha na safari ya pili. M23 walipoiteka Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, Juni 2022, njia za upatanishi zilikuwa tayari mbili: Nairobi, ambako Uhuru Kenyatta wa Kenya alisimamia mazungumzo ya serikali ya Kongo na makundi yenye silaha, na Luanda, ambako Rais João Lourenço wa Angola alijaribu kuzipatanisha Kinshasa na Kigali. Novemba 2022 likaingia jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki likiongozwa na Mkenya. Kinshasa, iliyokuwa imejiunga na Jumuiya hiyo mwaka huo huo, ikalilaumu kwamba halipigani, na kufikia Desemba 2023 likawa limefungasha virago. Mwezi huo huo kikaanza kuingia kikosi cha SADC cha Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Naielewa Kinshasa, maana nani asingetaka mlinzi anayepigana? Hata hivyo, mgonjwa anayebadilisha waganga kila akipewa dawa chungu huishia kuwafundisha waganga wote kutojali.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka tena. Afrika Kusini, yenye viwanda na silaha kuliko jirani yeyote wa kusini mwa Ikweta, ilipoteza askari 14 katika siku hizo chache, na Malawi na Tanzania nazo zikazika. Walikuwa wamekwenda bila kinga ya anga ya kutosha na bila ule mkoba wa Umoja wa Mataifa wa 2013.

Kwetu ofisini vita hiyo ilifika kwa simu. Mteja mmoja wa Goma alikuwa na kontena mbili za vifaa vya ujenzi, lori likiwa limeshapita Kahama kuelekea Rusumo. Hakuniuliza habari za mabomu. Aliniuliza: mzigo ukifika, ushuru analipwa nani? Serikali iliyotoa leseni yake iko Kinshasa, aliyeshika lango yuko Goma, na akimlipa mmoja, mwingine atamdai tena siku yake ikifika. Benki za mjini zilikuwa zimefungwa, na watu walivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta fedha taslimu. Nilimjibu ukweli, kwamba hati zangu na dhamana yangu ya forodha zinaishia mpakani. Tangu siku hiyo, nikisikia neno "mamlaka" katika taarifa za mikutano, namkumbuka mtu yule na kontena zake, kwa sababu swali lake ndilo ambalo kila mpatanishi alipaswa kulijibu kwanza.

Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC walikutana kwa pamoja Dar es Salaam, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Rais Kagame wa Rwanda alikuja mwenyewe. Rais Tshisekedi wa Kongo alishiriki kwa njia ya video. Wakaagiza mapigano yasitishwe mara moja bila masharti na wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Wiki moja baadaye waasi walikuwa Bukavu. Tarehe 18 Machi, siku ambayo Angola ilikuwa imewaalika Kinshasa na M23 waje Luanda, waasi walikuwa wameshasusia kwa sababu ya vikwazo vya Umoja wa Ulaya, na siku hiyo hiyo marais wa Kongo na Rwanda wakaonekana Doha wakiwa na Amiri wa Qatar. Lourenço, mpatanishi wa miaka kadhaa, akaachia kazi hiyo tarehe 24 Machi. Siku hiyo hiyo jumuiya zetu mbili zilikuwa zikikutana kwa njia ya video kuteua jopo moja la wapatanishi, yaani tuliunganisha milango yetu wakati wageni wameshakaribishwa kwingine.

Kwa nini Doha? Qatar haina jeshi Maziwa Makuu, na eneo lake halifikii hata nusu ya Rwanda. Lakini iliingia ubia na Rwanda katika ujenzi wa uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, ina fedha ambazo Kinshasa nayo inazihitaji, na haina mpaka na yeyote kati yao wa kugombania. Jirani hana sifa hiyo ya tatu, na hapo ndipo nguvu ya kikanda inapojikwaa: ukaribu unaokupa haki ya kuingilia ndio unaokufanya ushukiwe.

Rwanda yenyewe inatibua hesabu zetu za nani mkubwa. Ina kilomita za mraba 26,338, lakini Julai 2021 ilipeleka askari Cabo Delgado, Msumbiji, kabla kikosi cha SADC hakijakamilika kufika. Kikosi hicho kiliondoka mwaka 2024, na ukata ukitajwa miongoni mwa sababu. Wanyarwanda wakabaki, huku Umoja wa Ulaya ukichangia euro milioni 20 na baadaye 20 nyingine, katika mkoa ambao kampuni ya Ufaransa ina mradi mkubwa wa gesi. Mwenye kupata mlipaji na kufika mapema ndiye aliyesikilizwa, hata kama ramani inamwonyesha mdogo.

Kwa hiyo Afrika Kusini, Angola na Kenya ni wapambe tu? Sikubali. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia saini makubaliano Washington, na haikupita wiki M23 wakaingia Uvira, mji unaotazamana na Bujumbura, maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Saini ya taifa kubwa kuliko yote haikuzuia hilo. Haki itendeke lakini: waasi walipotangaza kwamba wataondoka Uvira, walisema wanafanya hivyo kwa ombi la wapatanishi wa Marekani, hawakutaja mji wowote wa Afrika. Marekani ina uwezo wa kumfanya mtu arudi nyuma. Kazi ya kukaa pale barabarani mwaka hadi mwaka, kujua lori la nani limebeba nini na nani anakusanya ushuru, haiwezi kufanywa na mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Mwezi Machi 2025 SADC ilikifuta kikosi chake. Askari wa Afrika Kusini, waliokuwa wamezungukwa na waasi wiki nyingi, walianza kuondoka mwisho wa Aprili, kwa barabara, wakapitia Rwanda hadi Chato, mkoani Geita, ndipo wakapanda ndege kurudi kwao. Njia hiyo ilihitaji ruhusa ya Kigali na kiwanja cha Tanzania. Ni nchi mbili tu, Tanzania na Kongo, zilizo wanachama wa SADC na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja, na kati ya hizo mbili ni moja yenye bandari ambayo mizigo ya mashariki ya Kongo huipitia kila siku. Ningekuwa naishauri wizara yetu ya mambo ya nje, ningeanza na mteja wangu: nchi zote ambazo mizigo ya Goma hupitia zikubaliane hati ipi inatambuliwa na ushuru unawekwa kwenye akaunti gani hadi mgogoro uishe, kabla Doha na Washington hazijalijibu swali hilo kwa niaba yetu.