Ndege Kwanza, Maana Baadaye: Kwa Wanaochora kwa Rangi za Maji

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kakamega ambaye huchora ndege na maua kwa rangi za maji. Alinitumia picha za kazi zake: njiwa aliyebeba tawi la mzeituni, waridi jekundu linalodondosha damu, na tai aliyekata minyororo. Aliniuliza kwa nini watu huzitazama, husema ni nzuri, kisha huenda zao bila kununua, na afanye nini ili michoro yake ibebe maana nzito zaidi. Nimekwisha kumjibu kwa faragha, lakini kwa kuwa wengi mmeniuliza jambo hilohilo, na kwa kuwa kila anayenisoma hapa anatamani kuona kazi yake ikitundikwa ukutani mwa mtu asiyemjua, nimeona ni vyema nijibu kwa urefu.

Michoro ya dada huyu haina upungufu wa maana. Imejaa maana hadi pomoni. Kilichopungua ndani yake ni ndege. Njiwa wake hana uzito, hana kucha, hana unyoya hata mmoja uliokaa vibaya. Ni njiwa wa kadi ya Krismasi na wa kalenda ya kanisa, ambaye mtazamaji alikwisha kumwona mara nyingi hata macho yake hayana sababu ya kutua juu yake. Ishara haibandikwi juu ya ndege. Humtoka ndege mwenyewe, na humtokea tu mchoraji aliyekaa naye.

Nayasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu nililazimika kuyatetea peke yangu kwa muda mrefu. Nilipokuwa mwanafunzi wa sanaa, mwalimu mmoja alisimama mbele ya darasa zima akasema kwamba rangi za maji ni mchezo wa watoto na burudani ya wazungu wastaafu, na kwamba ndege na maua ni mapambo ya kadi za harusi. Baadaye, mwenye jumba moja la sanaa alinirudishia bahasha yangu ya michoro ikiwa bado imefungwa kwa uzi niliouweka mimi. Hadi leo nikikumbuka uzi ule moyo huniuma. Mwalimu yule hakujua, au hakutaka kujua, kwamba kinachoshikilia rangi za maji kwenye karatasi ni gundi ya mgunga, ileile inayovunwa Sudan na huku kwetu katika nyika za kaskazini mwa Kenya. Jambo hili si geni kwetu kama alivyodhani. Mwezi uliopita hoteli moja mjini Kisumu ilinunua mfululizo wangu mzima wa ndege wa kinamasi, na nikiri kwamba nilipokuwa nikitia sahihi hati ya malipo nilimfikiria yeye.

Turudi kwenye ndege. Katika sanaa ya China na Japani, korongo aliyesimama juu ya msonobari ni alama ya maisha marefu, na wasanii wa huko wamemchora hivyo kwa karne nyingi. Ni picha za kupendeza sana. Hata hivyo, korongo wa nchi zile hatui mtini, kwa kuwa kidole chake cha nyuma ni kifupi na kimekaa juu mguuni, hivyo hawezi kulishika tawi. Korongo wetu mwenye taji, ambaye ndiye ndege wa taifa la Uganda na ambaye wakulima wa Trans Nzoia humwona kila msimu mashambani mwao, ana kidole kirefu cha nyuma, na jioni hupanda mtini kulala. Kile ambacho wenzetu walilazimika kukibuni ili kuitumikia alama yao, ndege wetu hukifanya kila siku.

Nililitambua hilo nikiwa Saiwa, karibu na Kitale, katika mbuga ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini, iliyotengwa mwaka 1974 ili kuhifadhi kinamasi. Korongo wawili walipaa kutoka kwenye mafunjo wakatua juu ya mti mkavu, na kwa darubini niliona kidole kile cha nyuma kikilizunguka tawi na kulibana. Nikakichora kidole peke yake, ukurasa mzima, kabla sijagusa taji wala kifuko chekundu cha kooni. Picha iliyozaliwa pale inaonyesha korongo aliyeng'ang'ania tawi, na chini yake, mahali palipopaswa kuwa na maji, pamelimwa mahindi hadi kwenye shina la mti. Sikuweka minyororo wala machozi. Tangu 2012 korongo huyu amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani, na sababu mojawapo kubwa ni kukaushwa kwa vinamasi anamotaga. Mtu wa Kitale akiitazama picha hiyo, hasomewi maelezo. Huanza mwenyewe kutaja kinamasi cha kwao kilichokuwa mahali fulani na sasa hakipo.

Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli mwingine wote ni matawi yake: nenda ukakae na ndege. Kaa mpaka akuzoee, mpaka uone anachokifanya ambacho hukukitarajia, kisha chora hicho.

Hapa kwetu Nakuru, kila mchoraji huanza na heroe, wale ambao watu wengi huwaita flamingo, na wengi huishia pale pale penye ukingo wa rangi ya waridi uliopakwa juu ya maji ya bluu. Lakini angalia rangi ile ya waridi inatoka wapi. Heroe wa aina ndogo hula spirulina, vijimea visivyoonekana kwa macho ambavyo hustawi katika maji ya magadi, na viini vya rangi vilivyomo katika chakula hicho ndivyo vinavyopenya hadi kwenye manyoya yake. Akikosa chakula hicho kwa muda mrefu, manyoya mapya huota yakiwa yamepauka. Maji ya ziwa letu, Ziwa Nakuru, yalipoanza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, magadi yalizimuliwa, spirulina ikapungua, na makundi makubwa ya heroe yakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Ziwa lilimeza lango kuu la zamani la mbuga, likaua migunga ya kando na kuiacha imesimama majini kama ilivyo, na familia zilizoishi karibu zikalazimika kuhama pia.

Nilipotaka kuyachora hayo, nilitumia rangi moja tu ya waridi. Heroe wa upande wa kulia niliwapaka rangi ikiwa nzito, na kila niliposogea kushoto nikaongeza maji kwenye brashi, hadi heroe wa mwisho wakabaki na mstari wa shingo tu juu ya karatasi tupu. Maji yaliyolizimua ziwa ndiyo niliyoyatumia kuizimua rangi. Rangi ya mafuta isingeweza kulisema jambo hili kwa namna hiyo, na ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba rangi za maji ni ngazi ya kupandia kwenda kwenye sanaa ya kweli.

Kuhusu rangi ya waridi yenyewe, msinunue ile inayong'aa kupita kiasi. Mara nyingi imetiwa vijenzi vinavyopauka upesi kwenye mwanga, na alizarini ya asili, nyekundu itokayo kwenye mizizi ya mmea, nayo hupauka. Tafuteni kwinakridoni, kiini cha rangi kinachostahimili mwanga, yenye alama PV19 kwenye mrija. Kama una shaka na rangi, paka mstari kwenye kipande cha karatasi, funika nusu yake kwa kadi nzito, ukiweke kwenye dirisha linalopata jua kwa miezi kadhaa, kisha ufunue. Mnunuzi aliyelipia heroe wa waridi hastahili kubaki na heroe wa kijivu.

Maua yana ugumu wake, kwa sababu watu huyapenda kabla ya kuyatazama. Gugu maji lina ua zuri sana: petali za zambarau hafifu, na katika petali ya juu doa la manjano lililozungukwa na bluu. Mtalii akiliona Kisumu hupiga picha. Nilipokuwa nikilichora pale Dunga, ufukwe wa wavuvi wa Kisumu, mvuvi mmoja alisimama nyuma yangu akalitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Ndugu yangu, hilo ndilo lililokula nyavu zangu." Mmea huo ulitoka Amerika Kusini, ukaingia Ziwa Victoria, na kuanzia miaka ya 1990 umekuwa ukifunga ghuba na kuzuia mitumbwi. Ukilichora kama alama ya usafi au ya tumaini, mtu wa ziwani atajua kwamba hujawahi kumuuliza chochote. Vivyo hivyo bundi, ambaye katika picha za Ulaya ni alama ya hekima. Mchore kwa ufundi wote ulio nao, na bado katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya hatatundikwa sebuleni, kwa kuwa mlio wake hutangaza msiba. Uliza watu kabla ya kuchora. Kaa, tazama, kisha uliza.

Juu ya majani hayo ya gugu maji na ya yungiyungi ndipo anapotembea ndege ninayempenda kuliko wote, sile-maua, mwenye mwili wa kahawia iliyoiva, ngao ya bluu kwenye paji la uso na vidole virefu ajabu vinavyougawa uzito wake ili asizame. Jike hutaga mayai na kwenda kwa dume mwingine. Dume ndiye huatamia na kulea. Asubuhi moja mwewe alipita juu ya mafunjo, na sile-maua dume akachutama, akafungua mbawa kidogo, vifaranga wakaingia chini yake. Akasimama na kuanza kutembea, huku miguu ya vifaranga ikining'inia pande zote mbili kama nyuzi. Nilichora kwa penseli nikitetemeka. Nilipokwenda kuipaka rangi, kazi kubwa ilikuwa kuziacha nyuzi zile zionekane bila kuzikaza: mistari myembamba ya kijivu, iliyovutwa mara moja, bila kurudia.

Katika maonyesho madogo baba mmoja alisimama mbele ya picha hiyo akauliza, "Mwalimu, mbona ndege huyu ana miguu mingi?" Nilimweleza. Alinyamaza, akaniambia kwamba mkewe alifariki na kwamba anawalea watoto peke yake, kisha akauliza bei. Sikuwa nimekusudia kuchora ujane wala ubaba. Nilichora miguu.

Msidhani kwamba hili ni la Afrika pekee au ni wazo langu tu. Mwaka 1503, Albrecht Dürer wa Ujerumani alichora fungu la nyasi kwa rangi za maji, na mpaka leo watu husafiri hadi Vienna kulitazama, bila malaika wala maelezo yoyote juu yake. Alizichora nyasi kama zilivyomea, hata mizizi yake.

Vijana, acheni kuchora kutoka kwenye simu. Ndege wa kwenye simu alikwisha kutazamwa na mtu mwingine, na kilichochaguliwa ni uamuzi wa mtu huyo. Amkeni alfajiri, mkakae. Wapo watakaoniambia hawana nauli ya kufika Saiwa wala Dunga, nami nawaambia kwamba mnana anasuka kiota chake kwenye mti wa jirani, na chozi, yule ndege mdogo anyonyaye asali ya maua, anazunguka maua ya migomba sasa hivi. Anayesema hana ndege wa kuchora hajatoka nje ya nyumba.

Mambo ya vifaa ni machache. Karatasi ya manila hujikunja na hunywa rangi, kwa hiyo weka akiba ununue karatasi ya pamba yenye gramu 300 kwa mita mraba, hata kama ni moja uikate vipande vinne. Hapa Nakuru, upepo wa Januari hukausha rangi kabla hujaitandaza, basi lowesha karatasi pande zote mbili au ufanye kazi mapema. Kisumu shida ni kinyume chake, na itakubidi usubiri. Nyeupe usiinunue: iache karatasi yenyewe. Taji la korongo nililipata kwa kupaka manjano hafifu kwanza, kisha nikaipaka giza nafasi iliyo kati ya unyoya na unyoya.

Kwa dada yangu wa Kakamega: njiwa umweke kando kwa sasa. Chagua ndege mmoja wa nyumbani kwako na ua moja analolitembelea, uwachore mpaka uweze kunieleza kitu kuwahusu ambacho sikijui. Picha ikikamilika, itie kwenye fremu yenye kioo, mbali na jua la moja kwa moja, na nyuma yake uandike jina la ndege, mahali ulipomwona, tarehe na rangi ulizotumia. Mnunuzi akikuuliza maana yake, mwambie ulichokiona ndege akifanya, kisha umwachie nafasi aongee yeye.