Mkuu, hiyo urea irudishe dukani kabla hujafungua mfuko

Simama hapo hapo mkuu. Umeandika unapanda soya ekari mbili, pakiti za bakteria wa kupaka kwenye mbegu umeshanunua, halafu "kwa usalama" utapandia na mbolea ya urea mfuko mmoja kila ekari. Nilipofika hapo nikasukuma kikombe cha chai pembeni. Hayo ya "kwa usalama" niliyasema mimi mwaka 2019, yakanila ekari tatu.

Wale bakteria hawakutani na mzizi kwa kubahatisha. Mche wa soya ukiwa na njaa ya naitrojeni, mizizi yake inatoa kemikali ziitwazo flavonoidi, zinasambaa kwenye udongo unaouzunguka. Bakteria wake akizinusa anasogea, na yeye anajibu kwa kemikali yake. Mzizi ukiridhika kwamba huyu ndiye, kinywele chake kinajikunja kama ndoana na kumkumbatia, kisha anaingizwa ndani kwa kijinjia chembamba kama uzi, na huko kinaota kinundu. Humo bakteria anaigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, na mmea unamlipa sukari. Ni posa kabisa: barua imeenda, jibu limerudi, mahari inalipwa kila siku. Na ukoo wanachagua! Bakteria wa kunde zetu wengi hawaelewani na soya, ndiyo maana ukanunua pakiti.

Sasa urea asilimia 46 ni naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 humo ndani. Mmea ukishashibishwa hivyo, mahari ya nini tena? Barua zinapungua, na hata bakteria akipiga hodi ananyimwa kinundu. Bwana harusi umemlipia nauli mwenyewe, halafu umemfungia geti.

Mimi nilifanya zaidi ya hapo. Muuza duka la pembejeo, aliyeniuzia pakiti na urea kwa risiti moja, aliniambia bakteria peke yao ni kamari, "shika kotekote." Nikajiona mjanja. Mbegu zilizopakwa bakteria nikazifukia shimo moja na urea! Mbolea ile ikiwagusa inaua bakteria wabichi kama wale kabla hata hawajajua wamefika wapi. Yule bwana mpaka leo nikipita dukani kwake ananiita "bosi". Bosi gani, mimi ndiye niliyemmalizia kupaua nyumba.

Kibaya ni kwamba mwanzoni inapendeza. Palipoota, wiki ya nne soya yangu ilikuwa ya kijani kiasi cha kuelekea weusi. Nikapiga picha, nikaweka status, watu wakanipa hongera. Jirani yangu, mama mmoja mtaratibu, alipaka bakteria tu na mbolea ya fosfati, na yake ilikuwa fupi, ya manjano. Nikamwonea huruma nikamshauri akanunue urea. (Ndiyo, mimi. Alinishukuru, akaendelea na palizi yake.)

Kufika kwenye maganda, mambo yakageuka. Hapo ndipo soya inakula naitrojeni nyingi, na urea yangu ilikuwa imeshakwenda zake na mvua. Majani yakaanza manjano kutoka chini. Bwana shamba alipokuja hakuyaangalia. Aliomba jembe, akachimbua mche na udongo wake, akautikisa kwenye ndoo ya maji. Mizizi ikatoka myeupe, misafi, kama mswaki mpya. Vinundu vitatu. Akavipasua kwa kucha: viwili vyeupe ndani, kimoja kijani. Tukavuka kwa yule mama, tukang'oa mmoja. Karibu na shina mzizi ulijaa vinundu kama umevaa shanga, na ukipasua ndani ni vyekundu kama nyama mbichi, kidole kinabaki na rangi. Wekundu ule ni leghemoglobini, ndugu yake hemoglobini ya damu, unaidhibiti oksijeni isiiharibu kazi ya bakteria. Kinundu chekundu kiko kazini. Kijani kimeshazeeka, cheupe ama bado kichanga ama kimekaa bure.

Mama alivuna gunia saba kwenye ekari moja. Mimi gunia nane, ekari zote tatu. Sikuweka status.

Najua atatokea mtu aseme maharage yake huwa anayapa urea kidogo na yanakubali. Sawa, maharage ni mavivu kwenye hii ndoa, kuyasaidia kidogo mwanzoni kuna mantiki. Soya siyo maharage. Hela ya urea nunua TSP, mbolea ya fosfati isiyo na naitrojeni, au fosfati ya Minjingu kama udongo wako una tindikali, maana vinundu vinataka fosforasi. Mbegu paka kivulini, panda siku hiyo hiyo, fukia haraka, jua lisiwapate. DAP, ile mbolea nyingine ya kupandia, nayo ina naitrojeni asilimia 18, usije ukaniambia "lakini hii siyo urea".

Kulikuwa na maswali ya nafasi ya mistari na bei ya soya Songea, hayo wadau wengine watakusaidia. Wewe wiki ya sita chimbua miche mitano, pembe tofauti za shamba, usivute kwa mkono maana vinundu vitabaki chini. Pasua, halafu weka picha humu. Ya mizizi mkuu, majani usinionyeshe.