Maswali ya Wasomaji: Makro au Methodi ya Mkato?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaandika kwa lugha ya C++ simulesheni ya foleni ya magari yanayosubiri pantoni pale Magogoni. Kila tukio hunilazimu kurudia mistari minne ileile: kuliunda, kulipangia saa, kulitajia gari linalohusika na kuliingiza katika kalenda ya matukio. Mwenzangu ameifupisha kwa makro, ilhali mimi ningependa kuongeza methodi moja (kitendo kinachoitwa kwa jina) katika klasi (kiolezo kinachounganisha data na vitendo vyake). Isitoshe, makro yetu KUBWA(0, mudaNasibu()), inayochagua namba kubwa kati ya mbili na tuliyoiweka ili muda wa kupakia gari usishuke chini ya sifuri, mara nyingine hutoa muda hasi. Kosa liko wapi? — Mwanafunzi, Kigamboni

JIBU: Marahaba. Nianze na muda hasi, kwa kuwa ndani yake mna jibu la swali la kwanza. Makro ni agizo la kubadilisha maandishi kabla kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, haijaanza kuyachambua, na kwa hiyo hoja (thamani au usemi) unayoipa hunakiliwa jinsi ilivyo kila mahali inapotajwa. KUBWA huitaja hoja yake mara mbili, kwanza katika kulinganisha na kisha katika kurudisha jibu, hivyo mudaNasibu huweza kuitwa mara mbili na kutoa namba mbili tofauti. Ya kwanza ikiwa dakika 3, hupita ukaguzi. Ya pili, ambayo haikukaguliwa kabisa, ikiwa hasi 0.4, ndiyo inayoingia katika kalenda, na gari linamaliza kupakiwa kabla ya kuanza.

Kuna hasara iliyojificha zaidi. Ukibadilisha kiwango cha chini kutoka sifuri kuwa dakika 1 ili ulinganishe matokeo kwa mbegu ileile (namba ya kuanzia inayozalisha mfululizo uleule wa namba za nasibu), idadi ya namba za nasibu zinazotumika nayo hubadilika, na tangu hapo magari yaleyale hayapati tena namba zilezile. Ulinganisho wako unaharibika bila programu kulalamika, nami naliogopa kosa la namna hiyo kuliko programu inayokatika katikati.

Hoja ya methodi hukokotolewa mara moja tu, kabla ya kuingia ndani. Kwa hiyo iandike ile methodi yako, tuseme panga(saa, gari), katika klasi ya kalenda. Kompaila itakagua aina za hoja zake, na ukiitangaza kuwa «virtual», klasi rithi itaweza kuibadilisha, kwa mfano pale gari la wagonjwa linapopaswa kutangulia. Kuhusu kasi usiwe na hofu: methodi isiyo «virtual», ikiandikwa ndani ya mwili wa klasi, huruhusu kompaila kuipachika moja kwa moja mahali inapoitwa.

Inafaa kukumbuka kwamba klasi zenyewe zilizaliwa katika simulesheni, kwa lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Oslo. Bjarne Stroustrup, aliyeitumia Simula akiwa Cambridge, alianza mwaka 1979 kuipa lugha ya C klasi za namna hiyo. Makro ni urithi wa C.

Makro ibakie kwa kazi kama kuandika katika kumbukumbu za uendeshaji wa programu (log) jina la faili na namba ya mstari, ingawa tangu C++20 hata hilo lina njia yake ya kawaida.

KUBWA uibadilishe kwa std::max(0.0, mudaNasibu()). Hata hivyo, kila muda hasi utageuka sifuri, na hakuna gari linalopanda pantoni kwa dakika sifuri. Tumia mgawanyo wa uwezekano usiotoa namba hasi, kama vile gama, uulinganishe na muda mtakaoupima wenyewe gatini.