Shelfu za stoo zinatoa kutu tena baada ya kupakwa rangi

Ndugu wa Raskazone, Tanga, umeuliza kwa nini shelfu zako za chuma zinarudia kutu: kosa si rangi yako, ni chumvi ya hewa ya bahari iliyobaki chini yake. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, malizia na msasa namba 80, kisha osha kwa sabuni na maji ya bomba. Chumvi hujificha kwenye vile vishimo vyeusi vilivyochimbwa na kutu. Ikikauka, futa kwa kitambaa chenye thina. Praima ya kuzuia kutu, yaani rangi ya kwanza ya chini, ipakwe siku hiyohiyo, maana chuma kitupu hapo pwani hakilali salama. Anza na kingo, matundu ya bolti na maungio, rangi huwa nyembamba huko. Halafu rangi ya mafuta mikono miwili, yaani tabaka mbili, kila mmoja ukauke kwanza. Ukipaka jioni ya umande, itavimba malengelenge.