Slaidi za Markdown: acha mstari mtupu

Ukiandaa somo la zabibu kwa wakulima wa Hombolo, au ripoti ya kikao huko Mtumba, huna haja ya kushinda unaburuta visanduku kwenye skrini. Andika maneno yako kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, katika faili la kawaida, tuseme zabibu.md, halafu programu ya bure ya Pandoc iyageuze kuwa slaidi. Notepad inatosha kabisa, ila hakikisha faili halijihifadhi kama zabibu.md.txt.

Alama zenyewe ni chache:

    # Shambani

    ## Kupogoa mzabibu

    Kabla ya kuanza:

    - Noa mkasi
    - Ondoa matawi yenye ugonjwa

Alama # ni sehemu ya somo, ## ni slaidi mpya. Kinachowasumbua wengi ni ule mstari mtupu kabla ya orodha. Usipouacha, Pandoc inaichukua orodha nzima kama mwendelezo wa "Kabla ya kuanza", na ukutani inatokea aya moja yenye vistari katikati. Vistari vitatu (---) navyo huanzisha slaidi isiyo na kichwa, lakini vikigusana na maneno yaliyo juu yake, maneno hayo yanageuka kichwa. Ukikuta slaidi ina kichwa ambacho hukukiandika, anza kukagua hapo.

Sasa fungua dirisha la amri (kwenye Windows ni Command Prompt) katika folda ileile:

    pandoc zabibu.md --slide-level=2 -o zabibu.pptx

Usiache --slide-level=2, inayoiambia Pandoc kwamba ## ndiyo slaidi. Bila hiyo Pandoc inakisia: ukiweka hata sentensi moja chini ya #, hiyo # ndiyo inakuwa slaidi, na ## zako zote zinarundikana ndani yake.

Pandoc pia haipunguzi ukubwa wa herufi wala kugawa slaidi iliyojaa. Maneno yanamwagika chini ya fremu. Mistari sita kwa slaidi inasomeka vizuri hata kwa aliyekaa nyuma ya ukumbi.

Rangi, fonti na nembo visiingie kwenye maandishi. Acha Pandoc ikutengenezee kiolezo, yaani faili la mfano lenye mwonekano huo:

    pandoc -o kiolezo.pptx --print-default-data-file reference.pptx

Kifungue kwa PowerPoint, urekebishe slaidi kuu inayotawala nyingine zote, bila kubadili majina ya mipangilio yake, maana Pandoc huitafuta kwa majina hayo. Kisha ongeza --reference-doc=kiolezo.pptx kwenye amri ya kwanza. Nembo ikibadilika, unagusa kiolezo tu na kurudia amri.