Usikimbilie kuchuja takataka: jibu kwa mwenye detekta mpya

Ndugu, umeeleza kwamba una detekta ya metali kwa wiki mbili sasa, umetoka nayo mara nne, na kila ulipochimba umekutana na misumari, vizibo vya soda na vipande vya karatasi ya aluminiamu; unauliza kama upandishe uchujaji hadi mashine inyamazie takataka zote, au uirudishe dukani kwa kuwa huenda ni mbovu. Kwa maelezo uliyotoa, mashine yako ni nzima. Inalia inapopita juu ya metali, na ardhi yoyote ambayo watu wamewahi kuishi au kupumzika juu yake huwa na metali ya hovyo nyingi kuliko ya maana. Ushauri wangu ni kwamba usiguse uchujaji kwa sasa, na nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe niliupandisha katika miezi yangu ya kwanza na hasara yake nikaja kuijua baadaye.

Koili, yaani ile sahani iliyo mwishoni mwa mpini wa detekta kama yako, hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukikifikia kipande cha metali huzusha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake, ambao koili ya kupokea huunasa ukiwa umechelewa kidogo. Mashine hupima kuchelewa huko na kukuonyesha namba kwenye kioo. Kwa hiyo haijui kama kilichoko chini ni pete au kizibo. Inachokijua ni jinsi umeme unavyopita katika kitu hicho, jambo linalotegemea aina ya metali, ukubwa wake, unene wake na hata umbo lake. Katika mashine nyingi chuma hukaa chini kabisa ya kipimo, karatasi ya aluminiamu hufuata, vile vipete vya kufungulia makopo hukaa katikati, na sarafu za shaba na fedha hukaa juu. Dhahabu sasa ndiyo yenye tabu, maana pete nyembamba huangukia penye karatasi ya aluminiamu na pete nene huangukia penye vipete vya makopo. Ukiizima sehemu hiyo ya kipimo ili upumzike na vipete, umeizima na dhahabu pamoja navyo, na hakuna kitufe kinachoweza kuvitenganisha.

Hasara ya pili ya uchujaji haionekani kwa macho, nayo ndiyo iliyonigharimu zaidi. Sarafu ikilala karibu na msumari, koili huvipokea vyote viwili karibu kwa wakati mmoja, na kama umeiamuru mashine inyamazie chuma, mara nyingi itaunyamazia msumari na sarafu kwa pamoja. Nilikuwa na kiwanja kimoja palipowahi kusimama nyumba iliyobomolewa, ambacho nilikipita chote kwa saa mbili nikiwa nimechuja chuma, nikatoka nikiamini kwamba hakina kitu. Miezi kadhaa baadaye nilirudi na koili ndogo, uchujaji nikiwa nimeuondoa kabisa, nikapeleka mkono taratibu. Katikati ya kelele za misumari nikasikia mlio mfupi, mwembamba, wa juu, uliojirudia kila nilipopita pale pale. Ilikuwa sarafu ya fedha, na msumari wenye kutu ulikuwa umelala upana wa kidole kutoka ukingo wake. Koili yangu ya kwanza ilipita juu ya sarafu ile ile.

Metali ya jirani imewahi kumsumbua hata Alexander Graham Bell. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Bell alipeleka kitandani kwake kifaa alichokitengeneza cha kutafutia risasi mwilini, kifaa ambacho kanuni yake ni jamaa ya hiki ulicho nacho mkononi. Hakufanikiwa kuipata, na baadaye alibaini kwamba chini ya mgonjwa palikuwa na godoro lenye nyaya za chuma.

Kwa hiyo kinachopaswa kuzoezwa kwanza ni sikio lako. Vaa vipokea sauti vya masikioni, kisha jifunze kila takataka inavyolia. Msumari hutoa mlio unaokatikakatika na namba inayorukaruka, pengine chini kabisa, pengine juu kama fedha. Ukizunguka robo duara na kupitisha koili kutoka upande mwingine, mara nyingi mlio mzuri hupotea au huhama. Sarafu au pete iliyolala peke yake hulia vilevile kutoka kila upande, na namba yake hutulia, ikipanda au kushuka mbili au tatu tu. Kopo zima huwa na mlio mpana, na ukiinua koili kwa kiasi cha sentimita 20 hadi 30 bado litaendelea kulia kwa nguvu, wakati sarafu kwa kawaida itakuwa imenyamaza au imefifia.

Kizibo cha soda kinahitaji maelezo yake peke yake, kwa kuwa ndicho kinachowadanganya wengi. Kimetengenezwa kwa chuma, lakini kwa sababu ni bapa na cha mviringo huipa mashine namba ya juu iliyotulia kama ya sarafu. Kama koili yako ni ya ile aina ya nusu mbili zinazopishana katikati, weka kitovu chake juu ya mlio, endelea kuitikisa kwa mipigo mifupi ya kushoto na kulia, huku ukiivuta kidogo kidogo kukuelekea, hadi iwe ni ncha ya mbele tu inayopita juu ya kitu. Sikiliza kwa makini hapo mwisho. Kizibo huanza kukwaruza na namba yake huporomoka kuelekea chuma, ilhali sarafu hufifia tu huku namba ikibaki karibu na pale pale. Nilijizoeza jambo hili kwa kuweka kizibo na sarafu juu ya nyasi na kurudia hadi nikaweza kuvitofautisha nikiwa nimefumba macho.

Fanya na wewe zoezi hilo nje, kwa sababu sakafu yenye nondo na nyaya za umeme za ndani zitakuchanganya. Tandaza chini msumari, kizibo, kipete cha kopo, karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa, sarafu na pete, kisha vipitie kimoja kimoja. Baada ya hapo sogeza msumari karibu na sarafu na usikilize mlio unavyoharibika. Andika namba zote daftarini, kwa kuwa namba za mashine ya mwenzako hazitafanana na zako.

Usikivu usiuweke juu kabisa. Upunguze hadi mashine iache kulia ovyo ukiwa umeshika koili bila kuitikisa, halafu tafuta sehemu isiyo na metali uisawazishe na udongo, yaani uifanye isilie kwa sababu ya udongo wenyewe, kwa kuipandisha na kuishusha koili kama kitabu cha maelekezo kinavyosema. Mipigo yako iwe ya taratibu, koili ikae sambamba na ardhi bila kuinuka mwishoni mwa mpigo, na kila mpigo upitie tena nusu ya ule uliotangulia.

Kisha chimba kila kitu. Kwa mashimo 100 ya kwanza, isipokuwa kama eneo hilo liliwahi kuwa na vita, ambako kitu kizito cha chuma kinapaswa kuachwa na kutolewa taarifa, usiruke mlio wowote, na kabla ya kuchimba uandike unachodhani kipo chini. Omba ruhusa ya mwenye ardhi, kaa mbali na maeneo ya kale yanayolindwa na sheria, na fukia kila shimo. Takataka uliyoitoa usiirudishe shimoni. Beba mfuko wenye sehemu mbili, kwa maana kizibo ulichokiacha leo utakichimba tena wiki ijayo.

Ukishafika mahali ambapo makisio yako ya daftarini yanapatana na kinachotoka ardhini mara nyingi kuliko yanavyokosea, hapo unaweza kuchuja sehemu ya chini kabisa ya chuma, tena kidogo, na katika viwanja vilivyojaa misumari kiasi kwamba huwezi kusikia mlio mmoja mmoja. Sehemu ya katikati, penye vipete na karatasi ya aluminiamu, mimi naiacha wazi hadi leo.