Usimwite mbwa jina lake ukiwa umeshika fimbo

Mkuu, simamisha hilo zoezi leo hii. Una watoto wawili wa mbwa wa miezi miwili hapo Nzuguni, Dodoma, unauliza majina, ukubwa wa banda na chakula, halafu unapitisha kama jambo dogo kwamba aliyekuuzia kakwambia uwaite kwa jina na kuwachapa "ili walijue na wawe wakali". Tatizo liko hapo.

Mbwa hajui kwamba yeye anaitwa Simba. Kwake jina ni sauti inayotangaza kinachokuja. Likifuatwa na nyama, anakuja mbio. Likifuatwa na fimbo, anajifunza kukimbia. Siku geti limeachwa wazi, mbwa yuko ng'ambo ya barabara ya Morogoro na malori yanapita, utaita na yeye atazidi kwenda. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, wenzako wako kwenye foleni, wewe unamkimbiza wako kwenye shamba la zabibu.

Wauza mbwa wa namna hiyo wanaudhi sana. Wanachukua hela, wanaacha ushauri wa kuharibu mnyama, kesho hawapokei simu. Kipigo hakileti ulinzi, kinaleta woga, na mbwa mwoga ndiye anayemng'ata mtoto aliyekuja kuomba chumvi.

Fanya hivi. Chemsha mapafu ya ng'ombe, kata vipande vidogo kama punje ya harage. Mtenge mmoja, maana wakiwa wawili hawajui nani kaitwa. Subiri aangalie pembeni, taja jina mara moja kwa sauti ya kawaida. Akigeuka tu, kipande kiwe mdomoni hapohapo. Vipande kumi vinatosha, mara tatu kwa siku, kabla hajala. Akishageuka kila ukimwita, ongeza umbali kidogo kidogo: hatua mbili, tano, mwisho wa uwanja. Nje ya geti awe na kamba ya mita 5 hadi 10. Asipogeuka, usirudie jina mara nne. Umeenda mbali mapema, msogelee uanze upya. Jina linalorudiwa bila kitu linageuka kelele.

Kumwogesha, kumtoa kupe, sindano, kumfungia: usimwite. Mfuate alipo, umshike kwa upole.

Huyo uliyesema anajificha chini ya pikipiki akisikia jina lake, jina hilo limeshaharibika. Mpe jipya lisilofanana nalo, uanze na nyama tangu mwanzo. Atalishika bila shida.

Majina yenyewe yawe mafupi, silabi mbili, na ya hao wawili yasikaribiane: Simba na Samba watachanganyikiwa. Yasifanane na amri pia. Chacha atasikia "acha", Kaka atasikia "kaa".

Na hilo jina la "Mtakoma" unalotaka kumpa mmoja ili kumpiga kijembe jirani, liache. Jina la kijembe huitwa kwa sauti ya shari, na mbwa anaisikia shari hiyo kabla ya jina. Jirani naye akishaelewa, mawe ya watoto wake yatampata mbwa, wewe ukiwa kazini.

Wakalishe wote wa nyumbani, hadi dada wa kazi na mlinzi, mkubaliane: kila mbwa jina moja, na hakuna anayelitaja akiwa na hasira.